Buibui Chini ya Kiti cha Kogo

Kemboi wa Rongai alipenda kutengeneza vitu vya mbao. Akiona ubao umelala chini, hawezi kuupita. Kuku wake aliwajengea nyumba ya ghorofa. Alitengeneza benchi la watu watano, ingawa yule wa tano alianguka kila mara. Majirani walisema ukisimama karibu na Kemboi kwa muda mrefu atakupigilia misumari, na jioni watu watakukalia.

Mwaka huo mama mkwe wake alikuja kukaa kwao. Jina lake ni Jepkemei, lakini kila mtu nyumbani alimwita Kogo, yaani nyanya. Alitoka pande za Mogotio ili atibiwe magoti huko Nakuru. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Kuchuchumaa kulimshinda. Na choo cha kwa Kemboi kilikuwa cha shimo, nyuma ya stoo ya mahindi.

Sasa, kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna heshima. Hawaongei ovyo. Kogo akitaka kumwambia Kemboi neno, alimtuma binti yake Jebet, hata kama Kemboi ameketi hapo hapo.

"Jebet, mwambie baba Cherop chai yake inapoa."

"Baba Cherop, Kogo anasema chai inapoa."

"Mwambie asante, nimeiona."

Watu wa namna hiyo wataongea vipi habari ya choo? Hawakuongea. Jebet alimnong'onezea mumewe habari ya magoti. Kemboi akachukua msumeno. Akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, akakiweka juu ya shimo. Kiti kilijengwa kimya, kikawekwa kimya, kikatumiwa kimya.

Kilikuwa kiti kizuri. Lakini hakikuwa na kifuniko. Chini yake palikuwa na giza, joto na nzi. Palipo na nzi, anayekula nzi hufika. Wakati wa kuvuna, buibui mmoja alihama kutoka kwenye rundo la mabua ya mahindi, akajipatia nyumba mpya chini ya ubao ule. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mviringo kama kifungo cha koti, na mwilini alikuwa na alama nyekundu. Utando wake ulikuwa wa ovyo, kama uzi uliochezewa na paka. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alitaka nzi tu.

Asubuhi moja Kogo alienda kukaa.

Alihisi kitu kimemdunga, kama ncha ya sindano. Akasimama haraka. Akapapasa ubao, hakuona kitu. "Huyu mkwe wangu ameacha msumari," akawaza. Angemwambia nani? Akimwambia Jebet, Jebet atamwambia Kemboi. Kemboi atajua ni wapi amedungwa. Afadhali kunyamaza. Kwani msumari umewahi kumuua nani?

Akarudi uani polepole.

Jebet alikuwa ameketi kwenye turubai, akichambua mahindi. Mazuri aliyaweka huku, yenye ukungu aliyatupa kule.

"Mama, keti tuchambue."

"Nitasimama."

"Na hayo magoti?"

"Nimesema nitasimama."

Jebet alishangaa. Tangu lini mtu wa magoti mabovu akakataa kuketi? Baada ya muda alimsikia mama yake akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima Menengai na gunia mgongoni. Akainua macho. Uso wa Kogo ulikuwa umelowa. Jasho lilitiririka shingoni likaingia kwenye sweta. Na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Mama, ni nini?"

"Tumbo."

"Limefanya nini?"

"Linakazwa. Ni kama kuna mtu ndani anakaza kamba."

Jebet alimshika, akamwingiza nyumbani, akamlaza. Akaweka mkono juu ya tumbo lake. Akautoa haraka. Tumbo lilikuwa gumu kama mbao za Kemboi. Miguu ya Kogo ilikakamaa, ikatetemeka yenyewe, ikakakamaa tena. Kogo aliuma kona ya blanketi ili asilie.

Jebet alimwita mumewe kutoka shambani. Kemboi alifika mbio, akasimama mlangoni. Hakuthubutu kuingia chumba cha mama mkwe.

"Amekula nini?" aliuliza.

Jebet alimtazama. Wote wawili wakafikiria kitu kimoja. Mahindi yao yalinyeshewa shambani. Mengine yalishika ukungu. Redio ilikuwa imeonya watu kwamba mahindi ya ukungu yana sumu. Na jana jioni nyumba nzima ilikula ugali.

"Tumejiua," Jebet alisema polepole.

Kemboi alishika tumbo lake. Lilikuwa sawa. Akalishika tena, likaanza kuuma. Akakumbuka kuku walikula makombo ya ugali ule. Akaenda kuwaangalia. Jogoo alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Kemboi akashikilia ukuta. Kisha jogoo akafungua jicho, akajikung'uta vumbi, akaenda zake.

Mzee Kigen, jirani wa kando ya barabara, alikuwa amesikia. Mzee huyu husikia hata sufuria ikifunguliwa kijiji kingine. Alifika na fimbo yake na dawa tatu kichwani.

"Tumbo likikauka hivyo, mtu hamalizi siku," alisema. "Mpe maji ya chumvi atapike."

"Mzee, una hakika?"

"Kemboi, mimi niliona mtu Kampi ya Moto, tumbo lake lilikuwa gumu mpaka walikatia vitunguu juu yake. Hakutapika. Wakamzika."

Wakampa Kogo maji ya chumvi. Alitapika mpaka hakuna kitu kilichobaki. Maumivu hayakupungua. Yalipanda mgongoni. Sasa alianza kulia, sauti nyembamba ambayo Jebet hakuwahi kuisikia kwa mama yake. Ni mwanamke aliyezaa watoto saba bila kuita mtu.

Kemboi alimpigia simu Ndegwa, mwenye gari la Probox. Ndegwa alikuwa Salgaa, akishusha abiria. "Nakuja, boss, nakuja," alisema. Kemboi alitoka, akasimama barabarani akitazama. Aliwaza maneno ya watu wa kwao Jebet. Watauliza: tulikuletea mama anatembea, mbona unaturudishia maiti? Atawajibu nini?

Barabarani hapo ndipo alipokutana na Wangu. Wangu ni mhudumu wa afya ya jamii. Hupita boma hadi boma akiangalia watoto, wajawazito na wazee. Anaongea sana, na si kila hadithi yake ina miguu. Lakini ukiwa mgonjwa hakuachi.

"Sasa, baba Cherop. Mbona unasimama kama mti wa stima?"

"Kogo anakufa," Kemboi alisema.

Wangu hakuuliza tena. Aliingia ndani. Alimshika Kogo kifundo cha mkono, akagusa tumbo, akatazama jasho.

"Nani mwingine anaumwa hapa?"

"Hakuna," alisema Jebet. "Baba Cherop anasema tumbo, lakini ni woga."

"Wote mlikula ugali mmoja?"

"Wote. Hata mtoto. Yuko shule."

"Basi ugali wa jana tuuweke kando. Wanaume, tokeni. Wewe Mzee Kigen pia, hata kama una masikio marefu."

Wanaume walipotoka, Wangu alitazama vizuri. Aliona Kogo analala upande mmoja tu. Kila akitaka kumgeuza, Kogo alishika kitanda kwa mikono yote miwili.

"Kogo, kuna kitu kimekuuma leo?"

Kogo alifumba macho.

Wangu aliketi kando yake. Akaanza kuongea polepole, kama mtu anayepoteza wakati.

"Unajua mimi wakati mmoja siafu waliniingia kanisani? Nilikuwa nimeketi benchi ya mbele. Siafu mmoja akaniuma hapa pa kukalia. Mchungaji anahubiri, nitasema nini? Nikaruka. Nikaitikia haleluya kwa nguvu. Mama wa kando akaruka pia, kanisa lote likaruka. Siku hiyo ibada iliisha saa kumi. Mpaka leo wanasema ulikuwa uamsho, kumbe ni siafu."

Midomo ya Kogo ilitikisika. Ilikuwa karibu kucheka, ikawa kilio.

"Hata mimi," alisema.

"Hata wewe nini, Kogo?"

"Nilidungwa. Hapo hapo. Ni msumari wa mkwe, kwenye kile kiti. Lakini asijue, Wangu. Nakuomba asijue."

Jebet alifunika mdomo kwa mkono. Wangu alimgeuza Kogo kwa upole. Akaona alama mbili ndogo, karibu kama moja, na wekundu kidogo kuzizunguka. Mtu angeweza kupita bila kuziona.

"Huu si msumari," alisema Wangu. "Msumari haukazi tumbo. Jebet, leta maji safi na sabuni tuoshe. Na kitambaa cha maji baridi tuweke hapo."

Alitoka nje. Kemboi alikuwa anasubiri.

"Nenda ukaangalie chini ya kiti cha choo. Chukua tochi ya simu na ufito mrefu. Usiingize mkono."

"Nitafute nini?"

"Utakiona."

Kemboi alienda. Jua lilikuwa juu, lakini ndani ya choo palikuwa na giza lake. Alisukuma kiti kwa ufito mpaka kikalala ubavu. Akamulika. Kwanza aliona utando wa ovyo, na mizoga ya nzi imening'inia. Kisha akaona vifuko viwili vya mayai, vyeupe kama pamba chafu. Kisha kitu cheusi kikasogea. Kilikuwa kidogo. Kemboi ameua nyoka wengi katika shamba lake, tena wa kutema sumu. Lakini hapa alirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amefikiria Cherop, mtoto wake wa darasa la tatu. Kila asubuhi Cherop alikaa hapo, miguu ikining'inia, akiimba.

Alipiga picha. Ya kwanza ilitoka mguu wake. Ya pili ilitoka sawa.

Aliporudi, Mzee Kigen alikuwa ameshajua kila kitu, na alikuwa amefungua wembe.

"Sumu lazima itolewe," alisema. "Tunachanja, tunafunga kamba juu ya jeraha, tunapaka asidi ya betri."

"Hakuna kuchanja, mzee," Wangu alimjibu. "Ukichanja unaongeza kidonda na sumu inabaki. Asidi itachoma nyama. Na kamba utaifunga wapi hapo? Utamfunga kiuno kama ng'ombe wa mnada?"

Mzee Kigen alifikiria. Akafunga wembe.

Honi ya Ndegwa ililia nje. Walimbeba Kogo kwa blanketi. Wangu alibaki ili afunge choo, maana watoto wangerudi kutoka shule. Kabla gari halijaondoka alimshika Jebet bega.

"Ukifika, mwambie daktari mambo mawili. Ameumwa na buibui, na ni wapi. Usizungushe. Tumbo likiwa hivi, daktari anaweza kufikiria kitu kingine kabisa."

Jebet alikubali kwa kichwa.

Njia ilikuwa ndefu. Malori yalijaa, Ndegwa akayapita kama mtu anayechagua mahindi. Kogo alikuwa ametulia sasa, na utulivu huo ulimtisha Jebet kuliko kilio. Mkono wa mama yake ulikuwa baridi na umelowa. Kila mara mwili wote ulikazika, kisha ukaachilia.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana, jina lake Wanyoike. Alikuwa wa umri wa mjukuu. Aliminya tumbo la Kogo.

"Kuna kitu kimepasuka ndani," alimwambia muuguzi. "Waambie wa upasuaji wajitayarishe." Kisha akamgeukia Jebet. "Ilianza lini? Alianguka? Ameumwa na kitu?"

"Ameumwa," alisema Jebet.

"Na nini? Wapi?"

Jebet alimtazama mume wake, aliyesimama karibu na pazia. Akamtazama daktari, kijana mdogo, mwanamume.

"Mahali fulani," alisema.

"Mahali fulani ni wapi, mama?"

Jebet alitazama sakafu. Kemboi alitazama dari. Muuguzi alirudi na karatasi ya kutia sahihi. Magurudumu ya kitanda yalifunguliwa.

Kogo alisikia yote. Alisikia neno upasuaji. Alimwona binti yake amemeza maneno kama yeye mwenyewe alivyomeza asubuhi. Akashika mkono wa koti la daktari.

"Kijana. Niliumwa na buibui. Ni kwa makalio. Ni kwa choo cha mkwe wangu, na mkwe wangu ndiye huyo hapo." Akavuta pumzi. "Kemboi, muonyeshe picha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina. Kemboi alikuwa karibu kumngoja Jebet amtafsirie. Kisha akatoa simu.

Daktari Wanyoike alitazama picha. Akaikuza kwa vidole. Akaangalia zile alama mbili. Akamwambia muuguzi asubiri na hiyo karatasi.

"Kogo, umejiokoa," alisema. "Sumu ya buibui huyu inaingia kwa mishipa ya fahamu. Inakaza misuli yote. Tumbo linakuwa gumu mpaka unafikiri utumbo umepasuka. Mimi ningekupasua nikitafuta ugonjwa ambao haupo. Na kwa umri wako, na mapigo ya moyo yalivyo, sijui kama ungeamka."

Walimpiga picha ya tumbo ili kuhakikisha. Hakuna kilichopasuka. Walimpa dawa ya maumivu na dawa ya kulegeza misuli. Wakampima mara kwa mara. Daktari alimweleza Jebet kwamba watu wengi hupona wakifika hospitali. Lakini watoto wadogo, wajawazito na wazee wako hatarini zaidi. Hao hawafai kungoja nyumbani.

Jioni, tumbo la Kogo lilianza kulainika. Aliomba chai.

Asubuhi, Kogo akiwa bado wodini, Kemboi na Jebet walirudi nyumbani, na hasira ya Kemboi ikiwa imepata nguvu. Alitoa pampu ya kunyunyizia ng'ombe. Akachanganya dawa ya kupe, nzito kuliko ya ng'ombe. Alitaka kunyunyiza choo, stoo, vitanda, hata magodoro. Kitanda cha Cherop kilikuwa na kunguni pia. Wote wangekwenda pamoja.

Wangu alimkuta akiwa na pampu mgongoni, mlangoni mwa chumba cha mtoto.

"Unataka kuua nani, baba Cherop?"

"Kila kitu chenye miguu zaidi ya minne."

"Utaua wenye miwili. Hiyo ni sumu ya kupe, ya ng'ombe kwa kipimo chake, na ng'ombe halali kwa godoro. Mtoto akilala hapo itaingia kwa ngozi na kwa pumzi. Jana ulipeleka mtu hospitali kwa buibui, kesho utapeleka mwingine kwa sumu yako mwenyewe. Weka chini."

Kemboi aliutazama mlango wa chumba cha mtoto. Kisha akaivua pampu, akaifungia mbali na nyumba.

"Sasa nifanye nini? Nimwache huyo mnyama aendelee kukaa kama mpangaji?"

"Tunamtoa. Vaa gumbuti. Lakini ikung'ute kwanza."

"Kuna nini kwa gumbuti?"

"Ililala nje?"

Kemboi aligeuza kiatu kile cha mpira, akakipiga chini. Kulikuwa na chura tu, lakini Kemboi aliruka kama ameona chui.

Walifanya kazi kutwa. Walimponda buibui kwa ufito, wakafagia utando na vifuko vya mayai, wakavichoma. Walihamisha mabua na kuni mbali na choo na nyumba. Wangu alimwonyesha Jebet avae glavu nzito anapochukua kuni au kuinua magunia ya zamani. Vitanda walivivuta kutoka ukutani, na neti za mbu wakazichomeka chini ya magodoro. Kwa kunguni walifua nguo na shuka kwa maji moto sana, wakamwaga maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda, wakaanika godoro juani. "Na mtarudia wiki ijayo, na nyingine," alisema Wangu. "Kunguni hana sumu kama yule, lakini ni mbishi kama Mzee Kigen."

Ukutani Kemboi aliona buibui mrefu wa kijivu. Akainua kiatu.

"Mwache huyo," Wangu alisema. "Wengi hawana shida na watu, wanatusaidia kula mbu. Sisi tunaogopa wa gizani, pale tunapotia mkono au kukaa bila kuangalia."

Kisha Kemboi akachukua msumeno. Alikitengenezea kiti kifuniko kinachobana. Akapaka chini ya ubao rangi nyeupe, ili kitu cheusi kionekane. Mlangoni aliweka ufagio wenye mpini mrefu. Kila anayeingia alipaswa kufunua, kumulika na kufagia chini ya ubao kwanza.

Kogo aliporudi, Jebet alianza kumweleza habari ya kifuniko kwa sauti ya chini, mbali na mumewe. Kogo akamkatiza.

"Kemboi," aliita. "Njoo uniambie mwenyewe hii kitu inafunguliwa vipi."

Kemboi alikuja. Alieleza huku anatazama viatu vyake. Lakini alieleza.

Jumapili iliyofuata akina mama walikusanyika baada ya ibada. Kogo alisimama, akiegemea mkongojo. Aliwaambia alichoumwa nacho na mahali alipoumwa. Wengine walicheka kwa mikono midomoni. Kogo alingoja wamalize.

"Chekeni," alisema. "Mimi aibu yangu ilikuwa karibu kunizika. Ukiumwa, sema. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa baridi, usikubali wembe. Enda hospitali useme ni wapi, hata kama daktari ni mtoto wa mtoto wako."

Kicheko kikaisha. Wanawake wawili waliondoka mapema kwenda kuangalia vyoo vyao.

Msimu uliofuata, wakati wa kukata mabua, Chepchirchir, mke mdogo wa jirani, alikuja mbio kwa Wangu. Alikuwa mjamzito. Alimkuta barabarani, karibu na wanaume waliokuwa wakipakia mahindi, na baba mkwe wake alikuwa kati yao.

"Nimeumwa na kitu cheusi," alisema mbele yao wote. "Ni hapa, kwa paja la ndani, juu. Kilikuwa kwa mabua."

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe aliweka gunia chini, akatoa simu, akampigia Ndegwa.